Portland au Vancouver? Mshahara uleule, kingo mbili za mto Columbia

Kila kiangazi, mikataba ya pango inapokaribia kwisha, simu yangu hupokea swali moja kwa sauti tofauti: "Kaka, nihamie ng'ambo?" Ng'ambo hiyo ni Vancouver. Si ile ya Kanada, ni ya jimbo la Washington, iliyokaa ukingo wa kaskazini wa mto Columbia ikitazamana na Portland ya Oregon. Madaraja ni mawili, la barabara kuu ya I-5 na la I-205. Usiku unavuka kwa dakika tano. Saa kumi na moja jioni unaweza kumaliza albamu nzima ya taarabu huku gari limesimama. Anayeuliza huwa ameshasikia nusu ya habari kazini au kanisani: kule mshahara haukatwi kodi ya jimbo.

Nusu hiyo ni kweli, nami niliimeza nzima. Nilihama Gresham, upande wa Oregon, nikaenda Vancouver, kazi yangu ikabaki Portland, na kwa miezi kumi nikajiona mjanja. Februari nilipokaa kujaza fomu ndipo nikaona Oregon imechukua chake chote kama zamani, na juu yake nimeshalipa kodi ya mauzo kwenye kitanda, jokofu, viatu vya watoto na kila kitu kilichopita kaunta za Washington. Nilikuwa nimechagua mpangilio mbaya kuliko yote inayopatikana hapa. Kwa hiyo hesabu zilizo hapa chini nilijifunza kwa kulipia.

Jambo moja la lugha kwanza. Kiswahili kinatumia "kodi" kwa anachodai mwenye nyumba na kwa inachodai serikali. Hapa ya mwenye nyumba nitaiita pango, tusije tukagombana bure.

| | Portland, Oregon | Vancouver, Washington |
|---|---|---|
| Kodi ya jimbo kwenye mshahara | ngazi nne: 4.75%, 6.75%, 8.75%, 9.9% | mshahara wa kawaida haukatwi |
| Kodi ya mauzo | hakuna | karibu 9%, jimbo na mji pamoja |
| Unga, mboga, nyama ya kupika nyumbani | hakuna kodi | hakuna kodi |
| Makato madogo | usafiri wa umma. Likizo yenye malipo. Kodi ya sanaa dola 35 kwa mtu mzima | mfuko wa matunzo ya muda mrefu 0.58%, likizo yenye malipo |
| Breki ya kodi ya majengo | thamani inayotozwa haipandi zaidi ya 3% kwa mwaka | makusanyo hayapandi zaidi ya 1% kwa mwaka bila kura au majengo mapya |

Tazama ngazi za Oregon kwa makini. Watu husikia 9.9 wakaogopa, ilhali hiyo inamhusu anayezidi dola 125,000 akiwa peke yake. Inayotuuma wengi wetu ni ile ya 8.75, kwa sababu inaanzia chini sana: mwaka 2024 ilianza kwenye dola 10,750 hivi za kipato kinachotozwa. Mhudumu wa wazee na meneja wa benki wamo kwenye ngazi moja.

Mshahara unaupatia wapi?

Hili ndilo la kujibu kabla ya kutafuta nyumba. Chukua mtu mmoja asiye na mtoto, anayelipwa dola 50,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya 2024, ukishaondoa punguzo la kawaida na sehemu ya kodi ya shirikisho ambayo Oregon inaruhusu kutoa, kodi yake ya Oregon inakuja kama dola 3,200.

Akiishi Portland na kufanya kazi Portland, analipa hiyo 3,200, na dukani analipa bei iliyoandikwa kwenye rafu, senti kwa senti. Akihamia Vancouver na kazi ikabaki Portland, analipa 3,200 ileile, maana Oregon inatoza ujira uliopatikana kwenye ardhi yake, hata kama mwenye ujira analala kwingine. Washington nayo haina kodi ya mshahara ambayo ingeweza kumpunguzia. Humo ndimo nilimotumbukia mimi.

Akiishi Vancouver na kufanya kazi Vancouver, Oregon haimjui. Anakatwa kama dola 290 za mfuko wa matunzo ya muda mrefu. Kisha weka kodi ya mauzo: ukitoa pango, chakula cha nyumbani, dawa za daktari na bima, tuseme ananunua vitu vya kutozwa vya dola 12,000 kwa mwaka, hapo anaacha dukani zaidi kidogo ya dola 1,000. Jumla haifiki 1,400. Faida yake dhidi ya mwenzake wa Portland ni kama dola 1,800 kwa mwaka, yaani pango la mwezi mmoja na chenji.

Mpangilio wa nne ni wa mtego: kuishi Portland huku kazi iko Vancouver. Oregon humtoza mkazi wake kwa kipato chote popote alipokipata, na mwajiri wa Washington mara nyingi hakati kodi ya Oregon kwenye hundi. Hundi inakuja nene, mtu anafurahi, Aprili inafika na deni lote la 3,200 kwa mkupuo, pengine na faini ya kutolipa kidogo kidogo. Kama ndivyo ulivyo, mwombe mwajiri akukatie ya Oregon hata kama halazimiki, au lipa mwenyewe kila robo mwaka.

Anayefanyia kazi nyumbani ana nafuu yake. Mkazi wa Vancouver aliyeajiriwa na kampuni ya Portland, kama si meneja, hatozwi na Oregon kwa siku alizofanya kazi akiwa sebuleni kwake Vancouver. Lakini ziandike siku hizo kwenye kalenda. Ukiulizwa, kumbukumbu ya kichwani haitoshi.

Madereva wa malori

Nawatenga hawa kwa sababu wamejaa kwenye jamii yetu, na kwa sababu sheria imewapa kitu ambacho wengi wao hawakijui. Sheria ya shirikisho inasema dereva aliyeajiriwa na kampuni ya usafirishaji, ambaye kazi yake ya kawaida inampitisha majimbo mawili au zaidi, hutozwa kodi ya mapato na jimbo anakoishi tu. Kampuni inaweza kuwa na yadi Portland, lori likapakia Portland, hundi ikatoka Portland. Dereva akilala Vancouver, Oregon haina haki na mshahara huo. Nimeona fomu za madereva waliokatwa Oregon mwaka mzima kwa sababu karani wa malipo hakujua. Pesa hiyo hurudishwa ukijaza fomu ya asiye mkazi, OR-40-N, ukaeleza. Dereva wa mjini anayesambaza mizigo ndani ya Portland pekee hayumo kwenye msamaha huu.

Kwa dereva wa masafa marefu, basi, jibu langu ni fupi: vuka.

Dukani, na pesa zinazotumwa nyumbani

Mgeni kutoka Dar au Nairobi hushangazwa na kodi ya mauzo kwa sababu VAT ya kwetu imeshafichwa ndani ya bei. Hapa bei ya rafuni ni moja na ya kaunta ni nyingine. Wakazi wa Vancouver wamezoea dawa yao: wanavuka daraja. Njia ya kwanza ya kutokea ukifika upande wa Oregon ni Jantzen Beach, na maduka yake yanaishi kwa namba za magari za Washington. Wazanzibari wataielewa hali hii haraka, kwani VAT kule ni 15 na Bara ni 18, na mizigo inayovuka bahari inajua tofauti hiyo.

Kisheria, mkazi wa Washington akinunua televisheni Portland anadaiwa kodi ya matumizi ya kiwango kilekile. Ni wangapi wanaoilipa kwenye televisheni, sitasema. Kwenye gari hakuna ujanja: ukienda kulisajili unailipa palepale. Kinyume chake, mkazi wa Oregon zamani alionyesha kitambulisho kwenye kaunta ya Washington akasamehewa. Tangu Julai 2019 analipa kwanza, halafu anaomba kurudishiwa mara moja kwa mwaka, na kiasi kiwe kimefika dola 25. Wengi huacha.

Sasa kuna jambo ambalo vikokotoo vya mtandaoni havilioni, kwa kuwa vimetengenezwa kwa ajili ya Mmarekani anayetumia mshahara wake hapahapa. Sisi tunatuma. Mtu anayetuma dola 500 kila mwezi Bukavu au Machakos anatuma dola 6,000 kwa mwaka. Oregon inaitoza pesa hiyo kabla haijatoka, kwa sababu ni mapato. Washington haiigusi, maana haikupita kaunta yoyote. Itanunua saruji na karo kwingine. Kadiri unavyotuma zaidi na kununua kidogo hapa, ndivyo Washington inavyokufaa. Ile kodi ya shirikisho ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa kwa fedha taslimu, iliyoanza 2026, haibagui ukingo wa mto.

Serikali zenyewe zinaishije?

Oregon inategemea kodi ya mapato ya watu binafsi kwa zaidi ya robo tatu ya mfuko wake mkuu. Wapiga kura wameikataa kodi ya mauzo mara tisa, mara ya mwisho 1993, na mwanasiasa anayeitaja sasa ni kama amechoka na kazi. Matokeo yake hazina hupanda na kushuka na uchumi. Mambo yakiwa mazuri inafurika. Yakiharibika, kama baada ya 2001, baadhi ya wilaya zilifunga shule kabla ya muhula kwisha.

Ungedhani mwaka wa mavuno wataweka akiba. Wapi! Sheria ya 1979, baadaye ikaingizwa kwenye katiba ya jimbo, inasema mapato yakizidi makadirio kwa asilimia 2 au zaidi, ziada yote hurudishwa kwa walipa kodi. Wenyeji wanaiita kicker. Kubwa kuliko zote ilikuwa dola bilioni 5.6, iliyorudishwa kupitia fomu za mwaka wa kodi 2023: kila mtu alipata asilimia 44.28 ya kodi aliyokuwa ametozwa kwa 2022. Aliyetozwa 3,000 alirudishiwa zaidi ya 1,300. Hata mkazi wa Vancouver anayefanya kazi Portland alipata, mradi amejaza fomu. Tatizo ni kwamba tajiri aliyelipa mengi hurudishiwa mengi, na shule inayopunguza walimu mwaka unaofuata haina cha kurudishiwa.

Washington ni kinyume. Mwaka 1932 wapiga kura wake waliipitisha kodi ya mapato kwa wingi mkubwa. Mwaka uliofuata mahakama kuu ya jimbo ikaamua kwamba mapato ni mali, hivyo hayawezi kutozwa kwa ngazi, ikaifuta. Tangu hapo jimbo linaishi kwa kodi ya mauzo, inayoleta karibu nusu ya mfuko wake mkuu, na kwa kodi ya mauzo ghafi ya biashara, ambayo unalipa hata kama biashara imekula hasara. Hazina yake haiyumbi sana, kwa kuwa watu hawaachi kununua viatu. Ila anayepata dola 30,000 anatumia zote, na anayepata 300,000 anatumia sehemu tu, kwa hiyo mzigo unamwelemea wa chini. Ili kupoza, tangu 2023 jimbo linawarudishia wenye kipato kidogo kuanzia dola 50 hadi zaidi ya 1,200 kwa mwaka kulingana na idadi ya watoto, na hata wanaotumia ITIN, namba ya kodi ya wasio na namba ya Social Security, wanaruhusiwa kuomba. Familia zetu nyingi haziombi. Ombeni.

Je, wenye pesa hukimbia?

Hapa ndipo mabishano ya baa yanapoanzia: ukipandisha kodi, matajiri watahama, na utabaki na kiwango kikubwa cha kitu kidogo.

Upande wa kusini kuna jaribio linaloendelea. Mwaka 2020 wapiga kura walipitisha kodi mbili juu ya ile ya jimbo, zikaanza 2021. Ya Metro, mamlaka ya eneo zima la Portland, ni asilimia 1 kwa kipato kinachozidi dola 125,000 kwa mtu mmoja au 200,000 kwa wanandoa, kwa ajili ya makazi ya wasio na nyumba. Ya kaunti ya Multnomah, ambamo sehemu kubwa ya Portland imo, kwa ajili ya chekechea ya bure, ni 1.5 juu ya mipaka hiyohiyo, na hufika 3 juu ya dola 250,000 au 400,000. Jumlisha na 9.9 ya jimbo, mtu wa juu kabisa Portland anatozwa 13.9 kwenye dola yake ya mwisho. Vancouver, mwendo wa daraja moja, sifuri.

Washington nayo ilianza 2022 kutoza asilimia 7 kwenye faida ya kuuza hisa na dhamana inayozidi dola 250,000. Mahakama ileile iliyokataa 1933 iliikubali hii Machi 2023. Mwaka wa kwanza ilileta karibu dola milioni 800. Mwaka wa pili ikashuka kwa karibu nusu. Novemba 2023, Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alitangaza anahama Seattle kwenda Miami. Alitaja wazazi wake na kampuni yake ya roketi, kodi hakuitaja. Februari iliyofuata aliuza hisa za Amazon za dola bilioni 8.5 hivi. Asilimia 7 ya hapo ni karibu dola milioni 600, na Florida haitozi kitu. Wapiga kura wa Washington hata hivyo walipoulizwa Novemba 2024 kama waifute kodi hiyo, walikataa kwa kishindo.

Mtu mmoja kama Bezos anatikisa bajeti, lakini si kipimo cha matajiri wote. Mwanasosholojia Cristobal Young na wenzake walipitia kumbukumbu za kodi za miaka 13 za Wamarekani wanaopata zaidi ya dola milioni moja, wakachapisha mwaka 2016: asilimia 2.4 tu huhama jimbo kwa mwaka, wakati kwa watu wote ni 2.9. Mwenye pesa ana wateja, ndoa, shule ya watoto, hang'oki kirahisi. Na kupunguza kodi hakujazi hazina kwa miujiza pia. Kansas ilikata kodi ya mapato 2012 ikiahidiwa ukuaji, shimo likafunguka, na 2017 bunge lake likazirudisha kodi licha ya turufu ya gavana.

Ila hapa kwetu kuhama si kung'oka. Ni kuvuka mto na kubaki na daktari yuleyule na kanisa lilelile. Naamini ndiyo maana mpaka wa namna hii unavuja kuliko mipaka mingine. Kaunti ya Clark, ambamo Vancouver imo, ilikuwa na watu 238,053 mwaka 1990. Sensa ya 2020 ilihesabu 503,311. Sitasema ni kodi peke yake. Viwanja navyo vina neno, kwa sababu Portland imejifunga na mpaka wa upanuzi wa mji tangu 1979, na nyumba yenye uwanja wa watoto imekuwa rahisi zaidi kupatikana kaskazini.

Mwenye mtoto mdogo asikimbilie kuvuka

Zile kodi za wenye nacho, dereva wa basi halipi hata senti. Lakini zinaweza kumfikia kama nafasi ya chekechea ya bure kwa mtoto wa miaka mitatu au minne. Nafasi bado hazitoshi wote, lengo ni 2030, ila familia za kipato cha chini hupewa kipaumbele, na lazima uwe unaishi Multnomah. Chekechea ya kulipia huku huzidi dola 1,000 kwa mwezi. Weka hiyo kando ya zile 1,800 za mwaka nilizotaja juu, uone mizani inavyolala. Oregon pia inatoa kama dola 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka sita kwa familia ya kipato cha kama dola 25,000 kushuka chini. Nilimwambia hivyo mama mmoja wa Kikongo mwenye pacha wa miaka mitatu, tayari amefunga masanduku. Aliyafungua.

Mstaafu anayeishi kwa pensheni ni kinyume chake. Pato la Social Security, pensheni ya serikali ya shirikisho, halitozwi na jimbo lolote kati ya haya mawili, ila pensheni nyingine Oregon inaitoza. Anayeweza kuishi Vancouver bila kuvuka kwa ajili ya kazi ana kila sababu ya kufanya hivyo. Muuguzi ambaye hospitali yake iko Portland na hana mpango wa kubadilisha? Abaki Portland, au ahame kwa sababu ya nyumba na shule, asihesabu kodi kama faida. Tena wanapanga kutoza ushuru kwenye daraja jipya la I-5, na ushuru huo mpita njia wa kila siku ndiye atakayeubeba.

Ukiamua kuhama, hama na karatasi: mkataba wa pango wenye tarehe, leseni mpya, bili ya umeme. Mwaka wa kuhama utajaza fomu ya mkazi wa nusu mwaka, OR-40-P, na tarehe hizo ndizo zitakazogawa mshahara wako. Na gari usinunue Oregon wiki moja kabla ya kuvuka ukidhani umeikwepa kodi ya mauzo. Washington inataka liwe limekuwa lako na umelitumia zaidi ya siku 90 kabla hujawa mkazi wao. Likiwa na siku 89, utailipa dirishani siku ya kulisajili.